Glezi za chuma za joto kali: jinsi ya kuzijaribu mwenyewe bila kuchoma hela

Kila wiki naulizwa kitu kilekile kuhusu glezi, yani ule utando wa kioo tunaopaka kwenye vyombo vya udongo na kuuchoma. Mmoja anataka resipi ya ile nyeusi inayogeuka kahawia mdomoni mwa kikombe, mwingine kaona bakuli la kijani kama maji ya bahari pale kina kinapoanza anauliza hiyo rangi inauzwa wapi, na wa tatu (huyu hakosi) nilimpa resipi mwezi uliopita, imemtokea kama tope la barabarani, sasa ananitazama kama tapeli. Basi naandika mara moja, mkiniuliza tena nawatumia hii.

Kwanza mlielewe hili. Kijani, asali, kahawia, nyeusi, nyekundu ya kutu, zote hizo zinatoka kwenye kitu kimoja tu, chuma. Yani kutu ileile ya bati. Kinachobadilika ni kiasi ulichoweka, unene uliopaka, na kama moto ulipata hewa au ulinyimwa. Ndio maana resipi yangu haikusaidii kitu, joko lako sio joko langu na udongo wako sio wangu. Utakachofanya ni vigae saba vya majaribio, siku moja ya kuchanganya na mchomo mmoja, na ukishavishika hivyo saba mkononi utajua mambo ambayo mimi yalinila miaka miwili kwa sababu nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa mpigo afu nashangaa mbona sielewi.

Na asije mtu akasema haya ni mambo ya kigeni. Ukienda magofu ya Gedi pale karibu na Watamu, au Kilwa Kisiwani, vile vipande vya vyombo vya kijani vilivyofukuliwa, vingi vilitoka Longquan kule Uchina, na kijani chake ni chuma cha asilimia 1 au 2 hivi kwenye moto ulionyimwa hewa. Watu wa pwani walikuwa wanalia chakula humo karne nyingi kabla hatujaanza kugombania mitungi ya gesi. Ile nyeusi nayo ni ya majoko ya Jian, Fujian, enzi za Song (960 hadi 1279), watawa wa Kijapani wakabeba mabakuli kwao wakayaita tenmoku, jina la mlima Tianmu. Na kwa Afrika, Abuja ya zamani kule Nigeria (leo Suleja) walifungua kituo cha ufinyanzi mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya Mwingereza Michael Cardew, mfinyanzi Ladi Kwali akawa anajenga mitungi yake kwa mkono kama alivyofundishwa nyumbani kwao, anaichora kwa kukwaruza, afu inapakwa glezi na kuchomwa joto kali. Sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Kwa hiyo inawezekana, twende kazini.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Udongo unaohimili nyuzi 1,300. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa kawaida, ule wa vyungu na matofali, mwingi wake unalegea ukipita nyuzi 1,100 hivi. Mimi niliwahi kuweka kikombe kimoja cha udongo wa bondeni katikati ya vingine "nione tu", nikafungua joko nikakuta kimelala kwenye shelfu kama ugali uliozidi maji, kimeng'ang'ania, shelfu nikaitupa. Shelfu ni bei mbaya kuliko vikombe vyote vilivyokuwa mle ndani. Kama hujui udongo wako, tengeneza kijiti chembamba, kilaze juu ya vigingi viwili vya udongo unaouamini, chini weka kisahani, uchome hivyo kwanza. Kikipinda sana au kikivimba, achana nao.

Joko linalofika joto hilo na ambalo unaweza kulibana hewa, yani la gesi au kuni. Wenye la umeme msikate tamaa ila mjue hamtapata kile kijani, na tafadhali msiingize vijiti au mafuta mle ndani ili litoe moshi, mtaua zile waya. Nyie mtapata manjano ya nyasi kavu, asali, kahawia na nyeusi, navyo ni vizuri tu.

Koni za namba 010, 8, 9, 10 na 11, yani vile vijiti vidogo vya kupimia vinavyosimamishwa ndani ya joko na kupinda joto likitosha (010 sio 10, hiyo ni ya joto la chini). Kipimajoto cha waya kinakwambia joto la sekunde hiyo, koni inakwambia joto limefanya kazi kiasi gani, na glezi inafuata koni. Koni 10 inapinda kati ya nyuzi 1,285 na 1,305 kutegemea umepanda haraka au polepole.

Mizani inayosoma gramu 0.1. Ile ya jikoni inayoruka gramu moja moja itakudanganya. Chujio la matundu madogo, namba 80 hadi 100. Ukilikosa, nenda kwa wanaochapa fulana uwaombe kipande cha kile kitambaa cha skrini, 43T inafaa kabisa, kaza kwenye ndoo iliyokatwa kitako.

Sirinji kubwa ya famasi isiyo na sindano. Vikombe saba vya plastiki vyenye vifuniko. Daftari, na kalamu isiyofutika na maji.

Barakoa ya kuzuia vumbi laini, sio ile ya kitambaa ya enzi za korona. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa. Usifagie chumba cha glezi, futa na kitambaa kibichi. Hili sitanii.

Na unga wenyewe: feldspa (ya potashi kama unaweza kuchagua), silika, kaboneti ya kalsiamu, kaolini, bentonaiti kidogo (udongo laini sana unaozuia glezi isitуame), na oksidi nyekundu ya chuma.

Kuhusu kaolini, Tanzania ipo Pugu, Uganda ipo Mutaka, mnayo mlangoni. Ila sio kila udongo mweupe ni kaolini, ule wa pemba wanaotafuna wajawazito usiuweke mpaka umeuchoma peke yake ukaona unatokaje. Kuhusu kalsiamu, sikilizeni vizuri: CHOKAA YA KUPAKA UKUTA SIO HII. Ile imeshachomwa na kuzimwa na maji, inaunguza mikono na inaifanya glezi igande kama maziwa mgando kwenye ndoo. Unayotaka ni jiwe la chokaa bichi lililosagwa. Makome au maganda ya mayai yaliyooshwa na kusagwa laini sana nayo ni kitu hichohicho, kama una muda na kinu. Na chuma, ile redi oksaidi ya hadwea ya kuwekea sakafu mara nyingi ni oksidi ya chuma kweli na inafanya kazi, shida ni kwamba nyingine imeongezwa unga wa kujazia. Nunua pakiti moja, jaribu, ukiipenda rudi ununue nyingi za aina hiyohiyo, na usichanganye za maduka mawili.

HATUA

1. Tengeneza vigae. Kata udongo vipande vya upana wa vidole viwili, urefu kama wa kidole cha kati, vikunje viwe kama herufi L visimame wenyewe. Lazima visimame, kigae kilicholala hakikuonyeshi glezi inashuka vipi. Upande mmoja kwaruza mistari au bandika kifinyo kiinuke kidogo, maana glezi za chuma uzuri wake wote uko kwenye kingo, pale inapokuwa nyembamba inageuka rangi. Toboa tundu juu ili baadae uvitundike ukutani. Tengeneza 20, sio saba, utavihitaji. Choma bisiki, yani mchomo wa kwanza kabla ya glezi, nyuzi 1,000 hivi.

2. Andika namba nyuma ya kila kigae kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji, kwa brashi nyembamba. Penseli inaungua inapotea, kalamu ya wino ndio usiseme. Nimewahi kutoa joko lenye vigae 30 vizuri ajabu na hakuna hata kimoja nilichojua ni kipi.

3. Pima msingi. Tunatumia ule wa nne-tatu-mbili-moja, wafinyanzi wa joto kali wanaujua dunia nzima kwa sababu ni mwepesi kukumbuka na unayeyuka vizuri koni 10: feldspa 40, silika 30, kaboneti ya kalsiamu 20, kaolini 10. Utapima mara mbili, bakuli A na bakuli B, kila moja gramu 300:

feldspa 120
silika 90
kaboneti ya kalsiamu 60
kaolini 30
bentonaiti 6 juu yake

Kwenye B peke yake ongeza oksidi ya chuma gramu 36. Hiyo ni asilimia 12 ya ile 300, na mjue kwenye glezi chuma kinahesabiwa juu ya mia, hakiingii ndani ya mia. Weka alama ya vema kila unapomaliza kupima kitu kimoja, maana simu ikiita katikati hutakumbuka kama silika umeshaweka.

4. Changanya unga ukiwa mkavu kwanza, hasa bentonaiti, ukiimwaga kwenye maji peke yake inakuwa mabonge kama uji uliomshinda mtu. Fanya hivyo kwenye chombo chenye kifuniko na barakoa iko usoni. Afu mwaga unga kwenye maji (sio maji kwenye unga) kama mililita 250, acha saa moja ilowe, koroga, pitisha kwenye chujio mara mbili. Bakuli B ipitishe mara tatu maana chuma kinapenda kujificha kwenye vibonge.

5. Sasa hapa ndio siri ya zoezi zima. Suuza chujio kwa maji kidogo kidogo ukirudisha kwenye bakuli lake, afu ongeza maji mpaka A ifike mililita 450 na B ifike mililita 450. Mstari uwe sawasawa. Ukizidisha maji upande mmoja hesabu yote inayofuata imekufa. Kuhakikisha, mililita 100 za A zinatakiwa ziwe na uzito wa gramu 142 hivi, na B itakuwa nzito zaidi kidogo kwa sababu ya chuma.

6. Chota kwa sirinji. Sehemu moja ni mililita 5, kila kikombe kinapata sehemu 12:

Kigae 1: A 11, B 1 (chuma asilimia 1)
Kigae 2: A 10, B 2 (asilimia 2)
Kigae 3: A 8, B 4 (asilimia 4)
Kigae 4: A 6, B 6 (asilimia 6)
Kigae 5: A 4, B 8 (asilimia 8)
Kigae 6: A 2, B 10 (asilimia 10)
Kigae 7: B 12 peke yake (asilimia 12)

Mnaona ilivyo? B ina asilimia 12, ukiigawa sehemu 12 kila sehemu ya B ni asilimia moja ya chuma. Hakuna kikokotoo. Koroga bakuli KILA unapochota, sio mwanzoni tu, kwa sababu chuma ni kizito kinatuama ndani ya dakika, na ukichota juu juu kigae cha asilimia 10 kitakuwa na asilimia 6 na hutajua kamwe.

7. Futa vumbi kwenye vigae kwa sponji yenye unyevu, acha vikauke. Chovya kigae chote hesabu mpaka tatu, toa. Kikiacha kung'aa maji, chovya tena nusu ya juu peke yake. Sasa kila kigae kina unene wa aina mbili, umepata majaribio 14 kwa bei ya saba. Choma utando kwa pini uone unene: upande wa nyeusi milimita moja inatosha, ila vile vya kijani, namba 1 na 2, vinataka unene zaidi, milimita moja na nusu hivi, kijani chembamba ni maji ya mchele. Acha nusu sentimita chini bila glezi.

8. Panga. Kila kigae kikae juu ya kibiskuti chembamba cha udongo uleule, na shelfu uwe umeipaka unga wa alumina na kaolini nusu kwa nusu. Msiruke hii kwa namba 6 na 7. Chuma kikinyimwa hewa kinageuka kuwa kiyeyusho, yani ukiongeza chuma unaongeza rangi na pia unaifanya glezi iwe nyepesi kama mafuta, inateremka. Watu wengi wanadhani chuma ni rangi tu.

Kama una vigae vya ziada weka seti moja karibu na moto na nyingine mbali nao.

9. Choma. Hapa ndio pana maneno mengi, tulieni.

Hadi nyuzi 900 hivi moto uwe safi, hewa ya kutosha, panda polepole mwanzoni. Ukifika hapo, au koni 010 ikilala, anza kubana: sukuma dampa (kile kibao cha kuziba bomba la moshi) kidogo kidogo mpaka uone mwali laini unatoka kwenye tundu la kuchungulia, rangi ya chungwa yenye ukijani kidogo, urefu kama kiganja. Dakika 45 hadi saa moja. Hatutafuti moshi mweusi. Kuna dhana kwamba moshi ukiwa mwingi ndio rangi inakuwa kali, sio kweli, moshi mweusi ni gesi yako inapotea, joto linagoma kupanda, na kaboni inanaswa ndani ya glezi kijani kinakuwa kijivu cha maiti.

Baada ya hapo legeza dampa kidogo, mwali uwepo ila uwe mdogo, na uendelee hivyo mpaka mwisho. Nyuzi 100 za mwisho nenda taratibu, nyuzi 60 hadi 100 kwa saa. Mtungi wa gesi ukianza kuganda barafu kwa nje na presha kushuka, ndio kawaida, unga mitungi miwili sambamba tangu mwanzo au ukalishe kwenye beseni la maji ya kawaida. Ya kawaida nimesema, sio ya moto, na moto wa aina yoyote usikaribie mtungi.

Koni 9 ikilala na 10 ikiinama nusu, fungua dampa uache hewa safi dakika 10 hivi, zima. Ukizidisha huo muda wa hewa safi kijani kitaanza kurudi kahawia.

ONYO: moto ulionyimwa hewa unatoa hewa ya sumu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu. Joko liwe nje au penye upepo unaopita, na kichwa kikianza kuuma toka, usijikaze.

10. Poza. Ukiacha joko lililofungwa lishuke polepole kutoka 1,100 hadi 900, namba 6 na 7 zitatoa kutu nyekundu nyingi juu. Likishuka haraka zitabaki nyeusi zinazong'aa. Kwa mara ya kwanza acha lipoe lenyewe, andika tu saa ngapi lilikuwa nyuzi ngapi. Usifungue juu ya nyuzi 100. Najua utafungua. Basi angalau vaa glavu.

KUSOMA VIGAE

Vipange kwa mstari juani, sio chini ya taa ya chumbani. Kwa moto ulionyimwa hewa utaona takriban hivi: 1 na 2 kijani hafifu, 3 kijani cha zeituni kinachoelekea kahawia, 4 asali iliyoiva, 5 nyeusi yenye kingo za kahawia (hii ndio tenmoku mnayonisumbulia), 6 na 7 nyeusi nzito au yenye kutu juu. Piga picha, andika udongo gani, unene, koni, jinsi ulivyobana, sehemu ya shelfu. Sio "imetoka poa". Poa ndio nini, miezi sita ijayo utaisoma hiyo poa uzimie.

Ukishachagua viwili unavyovipenda ndio unaanza kuchezea, na ni kitu KIMOJA kwa wakati. Kijani kikikataa kuelekea bluu, kosa mara nyingi liko kwenye kaolini, yenye titani inavuta kuelekea kijani cha majani hata iwe kidogo, kwa hiyo badilisha kaolini, chuma kiache hapohapo kwenye 1. Ukitaka nyekundu ya nyanya, anza na namba 7, jaribu kuongeza majivu ya mifupa 5, 8, 10 juu ya mia, mifupa ya buchani ichome mpaka iwe meupe kabisa hadi ndani, saga. Joko la umeme na mnataka madoa ya fedha kwenye nyeusi? Chuma 8 hadi 10, paka nene, ongeza kaolini kidogo iwe nzito isikimbie, na mpande taratibu kuanzia 1,220, maana chuma kinaachia oksijeni maeneo ya 1,230, viputo vinapanda vinabeba chuma juu, kila kiputo kinaacha doa. Hilo ni somo refu, nitaliandika siku yake.

Majivu ya kuni je? Ndio, na mimi nayapenda kuliko haya yote: majivu 40, feldspa 40, udongo 20, na ukitumia udongo mwekundu wa shambani kwenye hiyo 20 chuma chako umeshakipata bure. Chekecha, vaa glavu maana majivu yasiyooshwa yanakula ngozi. Kusanya mengi kwa mkupuo mmoja kutoka sehemu moja, mti ukibadilika glezi inabadilika. Ya mama ntilie yanavutia kwa sababu yapo kila siku ila mle kuna chumvi, mifuko ya plastiki, mchanga, na siku nyingine kijiko.

MATATIZO NINAYOULIZWA SANA

Kijani kimetoka manjano au kahawia. Joko halikubanwa, au lilibanwa ukachelewa, glezi ilikuwa imeshayeyuka na kujifunga. Anza 900.

Nyeusi tupu, hakuna kahawia kwenye kingo. Umepaka nene mno, au chombo chako kingo zake ni za mviringo sana. Kingo ikiwa kali kidogo glezi inakimbia pale inabaki nyembamba, ndio kahawia inatokea.

Imeteremka mpaka kwenye kibiskuti. Nene, au koni 11 nayo imelala. Angalia koni kabla ya kulaumu resipi. Kama koni 10 iko sawa, ongeza kaolini 3 hadi 5.

Imekauka, inakwaruza kama msasa. Haijafika joto. Kichome tena, mara nyingi kinapona.

Imejikunyata imeacha mabaka matupu. Vumbi au mafuta ya mikono, au ulichovya mara ya pili ya kwanza ikiwa imeshakauka mno.

Vitundu kama vya sindano. Bisiki ilikuwa ya joto la chini, gesi za udongo zinatoka zimechelewa. Pandisha joto la bisiki, na koni 10 tulia dakika 15 kabla ya kuzima.

Nyufa nyembamba kama nywele kwenye utando. Ongeza silika 5, jaribu, ongeza tena 5. Kwenye kijani watu wengine wanazipenda hizo nyufa, kwenye sahani ya chakula hapana.

Chombo kimevimba malengelenge. Ni udongo huo, sio glezi. Haukuhimili, au ulibana moto kwa nguvu mno mapema.

Glezi imetuama chini ya ndoo ngumu kama zege. Uliruka bentonaiti. Kuna dawa, chumvi ya Epsom kijiko cha chai kwenye maji ya moto, mwaga kidogo kidogo ukikoroga mpaka inakuwa nzito kama maziwa ya lala. Kidogo kidogo.

Ni salama kulia chakula? Chuma chenyewe sio sumu, ila glezi ambayo haijayeyuka vizuri sio ya kulia chakula hata kama haina sumu. Weka kipande cha limau juu ya kigae usiku kucha, asubuhi osha, kama pale limau lilipokaa pamefifia au pamepoteza mng'ao, kiwe chombo cha maua. Na ukikutana na resipi yenye bariamu au risasi ndani, achana nayo, usiijaribu nyumbani kwako penye watoto.

Na swali la mwisho ambalo kila mtu analiuliza baada ya zoezi, mabaki ya A na B nifanyeje. Usimwage kwenye sinki, yatakuzibia bomba na fundi atakucheka. Kila bakuli litakuwa limebaki na zaidi ya mililita 200, karibu sawasawa, kwa hiyo yamwage yote pamoja kwenye ndoo moja, hiyo ni chuma kama asilimia 6, yani asali ya kigae namba 4. Paka ndani ya vikombe kwenye mchomo unaofuata.